Kumlea mtoto anayejua taka zake zinakwenda wapi: tunavyojaribu nyumbani kwetu Moshi

Mleta uzi (Moshi)

Wanajamvi, habari za jioni, na kwa wakubwa zangu wote, shikamooni.

Nimeandika uzi huu kwa sababu ya jambo dogo lililotokea nyumbani kwetu wakati wa masika. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la tatu, alirudi kutoka shuleni akiwa amefundishwa wimbo wa kutunza mazingira. Aliniimbia wote kwa furaha, ubeti kwa ubeti, tukiwa tumesimama nje ya geti, na alipomaliza akatoa pipi mfukoni, akaifungua, na karatasi yake akaiachia ianguke mtaroni. Sikumgombeza. Nilitambua palepale kwamba mtoto hakuwa akifanya unafiki. Kwake wimbo ulikuwa wimbo na karatasi ilikuwa karatasi, na hakuna mtu, nikiwemo mimi baba yake, aliyewahi kumwonyesha kwamba viwili hivyo vinahusiana.

Nilimwuliza, "Hiyo karatasi sasa inakwenda wapi?" Akanijibu, "Inaenda na maji." Na maji je? "Mbali." Elimu yake ya mazingira ilikomea hapo, nami nikiri kwamba yangu haikuwa imevuka hapo kwa hatua nyingi.

Jumamosi iliyofuata tuliamua kuyafuata maji. Tulitembea kando ya mtaro wa mtaa wetu hadi kwenye kalavati la kwanza, ambako tulikuta kandambili moja, chupa za plastiki zisizo na idadi, pampasi zilizovimba kama mito ya kulalia, na vipande vya mifuko vilivyonasa kwenye mizizi. Kisha tulipanda bajaji tukateremka hadi Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mto. Huko tulimkuta mama mmoja akiwa ameinama kwenye mfereji, akitoa takataka kwa mkono ili maji yaingie kwenye jaruba lake. Mwanangu alimwamkia, akamwuliza takataka zile zimetoka wapi. Mama yule hakuonyesha hasira yoyote. Alisema tu, "Zinatoka huko mjini kwenu, mwanangu."

Tulirudi nyumbani kimya. Jioni nilimchorea ramani kwenye daftari na kumweleza kwamba maji ya upande huu wa Kilimanjaro huteremka na kukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako huvuliwa perege tunaowanunua sokoni, na kwamba kutoka hapo huendelea kama Mto Pangani, yakizungusha mitambo ya umeme njiani, mpaka yanapoingia Bahari ya Hindi. "Mbali" ikapata majina.

Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu mmoja, ambao ndio kiini cha uzi huu: kitu hakitoki nyumbani kwetu kabla watoto hawajajua kinakwenda wapi. Sisemi kwamba sasa tunaishi bila takataka, maana tunazo nyingi mno. Ninachosema ni kwamba kwa uzoefu wangu mtoto hushika tabia akiona mwisho wa kitu, na huisahau haraka akiambiwa tu kwamba jambo fulani ni baya.

Tulianzia jikoni. Tuna ndoo mbili, moja ya vitu vinavyooza na nyingine ya visivyooza, na msimamizi wa ndoo ya kwanza ni binti yangu wa miaka sita. Maganda ya ndizi mshare tunampelekea jirani kwa ajili ya mbuzi wake, na yanayobaki yanakwenda kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba. Shimo hilo lilitutia aibu mwezi wa kwanza, kwani lilinuka hadi majirani wakauliza kuna nini. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikitupa maganda mabichi peke yake, yakalowana na kukosa hewa. Bibi mmoja wa mtaani alinifundisha kuweka tabaka la majani makavu juu ya kila tabaka la maganda na kuligeuza kwa uma wa shambani kila wiki, na harufu ikaisha. Baada ya miezi mitatu hivi tuliotesha mchicha juu ya mboji ile, na binti yangu, ambaye kabla ya hapo mchicha na yeye walikuwa hawaivi chungu kimoja, alikula sahani nzima huku akisimulia kwamba yale ni maganda yake.

Kwenye chupa za plastiki nilikosea kwa namna nyingine, na ningependa wazazi wenzangu waijue. Nilidhani nimepata mbinu nzuri nilipowaambia watoto wakusanye chupa kwenye kiroba, tuziuze kwa kilo, na fedha ziwe zao. Baada ya wiki mbili mwanangu aliniomba tununue soda ili tupate chupa ya kuuza. Nilicheka sana, kisha nikaona kwamba nilikuwa nimemgeuza kuwa mtu anayezitamani takataka ziongezeke. Siku hizi chupa hizo tunampa mama anayepita mtaani kuziokota. Watoto wanamfahamu kwa jina la mtoto wake, wanamwamkia, na ndiye aliyewaeleza kwamba chupa yenye mafuta ya kula ndani haina thamani kwa mnunuzi. Kwa hiyo sasa wanazisuuza kwa maji yaliyooshea vyombo.

Kuhusu maji, tulikuwa na bomba la uani lililokuwa likivuja tone kwa tone, nami nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea mlio wa saa ya ukutani. Mwanangu aliweka ndoo chini yake asubuhi, na jioni akakuta lita kumi. Akapiga hesabu mwenyewe: lita ishirini kwa siku, lita mia sita kwa mwezi, yaani ndoo thelathini kubwa. Fundi aliitwa kesho yake. Kwa umeme, yeye ndiye msomaji wa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anaandika yuniti zilizobaki kila usiku kwenye kalenda, na akiona zimeshuka kupita kawaida anazunguka vyumbani kutafuta pasi au taa iliyosahauliwa. Hilo halikuhitaji somo lolote.

Kuna jambo moja ambalo ningependa tuliseme kwa usahihi, hasa sisi tunaouona mlima kila asubuhi mawingu yanapokubali. Watoto wengi wa hapa wanaambiwa kwamba theluji ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ikiisha tutakosa maji. Ni kweli kwamba theluji inaisha: kati ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Lakini maji ya mito na chemchemi zetu kwa sehemu kubwa hayatokani na barafu hiyo, bali na mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulio katikati ya kilele na mashamba yetu. Nalisisitiza hili kwa sababu mtoto wa Moshi hawezi kufanya lolote la moja kwa moja kuhusu barafu iliyo karibu mita 5,895 juu ya bahari, lakini kuhusu msitu anaweza, na familia yake inaweza, kuanzia kwenye swali la mkaa wa jikoni umetoka wapi. Moto ulipounguza uoto wa juu mlimani Oktoba 2020, na sisi tukauona usiku kutoka mjini, nilikuwa nimembeba mwanangu begani, naye akaniuliza nani atauzima. Wakati ule nilimjibu kwamba wapo watu wa kazi hiyo. Leo ningemjibu vizuri zaidi.

La mwisho linamhusu dada anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa sababu yeye hukaa na watoto saa nyingi kuliko mimi, na kwa hiyo ndiye mwalimu wao hasa. Alikuwa akichoma taka zote uani kila jioni, pamoja na plastiki, na moshi ule mzito ulikuwa ukiingia hadi chumbani. Nilikuwa karibu kumkaripia, lakini mke wangu akanizuia na kumwuliza kwao walikuwa wakifanyaje. Akaeleza kwamba kijijini kwao taka zilikuwa majani, magunzi na karatasi, na waliziteketeza hivyohivyo tangu enzi za bibi yake. Tabia yake ilikuwa ya zamani na haikuwa na kosa, ila kinachochomwa ndicho kilichobadilika. Tulipolizungumza kwa njia hiyo, hakurudia tena, na sasa yeye ndiye mkali kuliko sisi sote.

Naomba mchango wenu. Kwenu mnafanyaje?

Mkazi wa Pasua

Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakupongeza, lakini niruhusu nikupinge kidogo. Wewe una geti, una uani, una nafasi ya shimo la mboji na una jirani mwenye mbuzi. Mimi nimepanga chumba na sebule katika nyumba ya familia nane, bomba ni moja, choo ni kimoja, na mbele ya mlango wangu hakuna hata ardhi ya kupanda kitunguu. Fedha ya taka tunatoa kila mwezi, ila kuna nyakati gari hupitisha hata wiki mbili bila kuonekana, na taka zikikaa siku zote hizo kwenye viroba, mbwa na kunguru wanamaliza kazi. Ninaporudi usiku nikakuta watu wamezitupa mtaroni, nina haki gani ya kumwambia mwanangu kwamba wale ni watu wabaya, ilhali najua kwamba hawana pengine pa kuzipeleka? Mazungumzo haya ya mazingira mara nyingi huwa ya watu wenye uzio.

Mleta uzi (Moshi)

Ndugu yangu wa Pasua, umenipata, na sitajitetea. Niliandika kana kwamba kila mtu ana uani. Ninaomba wenye uzoefu wa nyumba za kupanga watusaidie hapa, maana mimi sina la kumfundisha mtu kuhusu maisha ambayo siyaishi kwa sasa.

Mama wa watoto watatu (Arusha)

Naomba nimjibu kaka wa Pasua, kwa kuwa nimewalea wanangu wawili wa kwanza katika chumba cha kupanga Ngarenaro kabla hatujahamia tulipo sasa.

Kaka, ni kweli kwamba ukikaa chumba kimoja huwezi kudhibiti taka zinakokwenda, lakini unaweza kudhibiti zinazoingia, na kwa mtoto hilo ni somo lilelile. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mkubwa wangu alikuwa darasa la kwanza. Niliwanunulia watoto kikapu kidogo cha ukili, na kila aliyetumwa dukani alikwenda nacho, pamoja na kopo la mafuta ya kula na chupa ya maziwa. Watoto walizoea ndani ya wiki moja. Waliosumbua ni sisi watu wazima, tuliokuwa tukificha mifuko ya zamani chini ya godoro kama watu wanaoficha magendo. Hadi leo muuzaji akitaka kumfungia mwanangu nyanya kwenye vile vifungashio vyepesi vinavyoangaza, ambavyo vimegeuzwa kuwa mifuko kwa mlango wa nyuma, yeye hufunua kikapu bila kusema neno.

Lakini ninataka kuzungumzia pampasi, kwa sababu mleta uzi amezitaja kama vitu alivyovikuta mtaroni kisha akapita haraka, kama wanavyopita akina baba wengi. Kwa mwanangu wa pili nilipiga hesabu: pampasi tano kwa siku ni mia na hamsini kwa mwezi, na huyo ni mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wachanga watatu. Haziozi, hazichomeki vizuri, na kuzitupa chooni kunaziba shimo. Hakuna taka ngumu kuliko hiyo kwa mama anayeishi kwenye chumba. Kwa mwanangu wa tatu nilirudi kwenye nepi za kitambaa mchana na kubakiza pampasi moja ya usiku. Sitawadanganya: wakati wa masika hazikauki, na bila mtu wa kukusaidia kufua utazichukia. Niliweza kwa sababu mkubwa wangu, akiwa na miaka tisa, alikubali kuwa mwanikaji na mwanuaji wa nepi za mdogo wake. Ni mvulana. Majirani walimcheka mwanzoni, kisha wakamzoea.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, marahaba nyote. Nimesoma mnavyosema mkanikumbusha mengi.

Sisi tulilelewa katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na mambo haya mnayoyaita mazingira hayakuwa na jina la pekee, yalikuwa tu ndiyo kazi za nyumbani. Ng'ombe alikaa zizini, sisi watoto tulimkatia majani na kumpasulia vigogo vya migomba, samadi yake ikarudi kwenye migomba, na juu ya migomba ilisimama miringaringa iliyotupa kivuli kwenye kahawa. Ukiangusha mti wa watu uliitwa ukaulizwa. Mpakani palioteshwa masale, na mtoto alijua kwamba sale halichezewi, kwa sababu ni jani lilelile ambalo mtu hulishika anapokwenda kuomba radhi kwa aliyemkosea.

Mfereji, yaani mfongo, ulikuwa shule yenyewe. Maji yalitoka juu msituni na kila ukoo ulikuwa na zamu yake, na siku ya kuusafisha ilipotangazwa kila kaya ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa. Baba alinichukua nikiwa mdogo kiasi kwamba kazi yangu ilikuwa kushika jembe lake wakati anapumzika. Sikufundishwa lolote siku ile, ila niliona wazi kwamba aliye juu akichafua, aliye chini anakunywa. Yule mama wa Mabogini aliyemwambia kijana "zinatoka mjini kwenu" amesema jambo ambalo wazee wa mfereji walilisema kwenye vikao vyao kila mwaka.

Hata hivyo, naomba msitusifu kupita kiasi. Kizazi changu ndicho kilichokata miti mingi ili kujenga na kuuza mbao, na maji ya kuoshea kahawa tuliyamwaga mferejini yakiwa na utelezi na harufu, tukijua fika kwamba kuna watu chini yetu. Mifongo mingine imekufa mikononi mwetu. Kwa hiyo mjukuu wangu anaponiuliza zamani ilikuwaje, namweleza yote mawili, kwa maana nikimweleza la kwanza peke yake nitakuwa nimemtungia hadithi.

Mwalimu wa shule ya msingi

Mzee wetu, shikamoo, na asante kwa kusema kweli.

Nami niseme ya kwetu walimu. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, ambayo sitaitaja, tulipanda miche mia mbili kwa siku moja. Wageni walikuja, picha zikapigwa, watoto wakaimba. Kiangazi kilipofika hakuna aliyekuwa amepangiwa kumwagilia, na kufikia muhula uliofuata ilibaki vijiti. Kilichoniumiza zaidi si miche, bali ni kwamba watoto mia kadhaa walijifunza kwa macho yao kwamba kupanda mti ni sherehe.

Nilipohamia nilipo sasa niliomba miche kumi tu kwa darasa moja. Kila mche ulipewa wanafunzi wawili, na wao ndio walioumwagilia kwa maji ya kunawia mikono yaliyokingwa kwenye beseni. Saba ipo hai na mitatu ilikufa, na wale wenye mitatu walieleza mbele ya wenzao ilikuwaje, bila kuchapwa wala kuchekwa. Wazo hilo si langu. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliweka utaratibu wa kuwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa kupanda, walilipwa kwa mche ulioishi. Mzazi anaweza kulifanya hilo hata kwa mche mmoja wa mparachichi ndani ya kopo la rangi, kwenye varanda ya nyumba ya kupanga.

Mkazi wa Pasua

Dada wa Arusha na mwalimu, nimewaelewa. Kikapu ninacho tangu zamani, ila mimi ndiye niliyekuwa nikikisahau, siyo mtoto. Kopo la rangi nitalitafuta. Kuhusu gari la taka, tumekubaliana wapangaji wote nane twende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, na nitamchukua mwanangu aone watu wazima wanavyodai jambo lao kwa heshima.

Mleta uzi (Moshi)

Mchukue, ndugu yangu, na utuletee majibu hapa.

Dada wa Arusha, umenishika pabaya kwenye pampasi. Nilimsomea mwanangu mchango wako kwa sauti, naye akachukua kalenda yake ya LUKU na kupiga hesabu nyuma yake kwamba mdogo wake alitumia pampasi ngapi kwa miaka miwili. Kwa tano kwa siku alipata zaidi ya elfu tatu na mia sita. Kisha akaniuliza swali langu mwenyewe: zilikwenda wapi? Ilinibidi nimwambie ukweli, kwamba wakati ule tulikuwa tumepanga Majengo, na nyuma ya nyumba palikuwa na shimo ambalo wapangaji wote tulitupia humo, na lilipojaa mwenye nyumba alilifukia kwa udongo. Akataka kujua kama bado zipo. Nikamwambia zipo.

Anataka kwenda kupaona. Nimemwahidi tutakwenda Jumapili baada ya ibada, kama mwenye nyumba ataturuhusu kuingia uani.